Si kila jani linalonukia ni kivumbasi

Siku moja mama mmoja alinijia zahanati na fungu la majani aliyotaka kumchemshia mwanawe mwenye mafua. "Hiki ni kivumbasi, tabibu," aliniambia. Nilipolishika, vidole vikachomwa na vijiba vidogo. Ilikuwa lantana, ule mti wa maua mekundu na manjano unaopandwa uani na sasa umejaa maporini. Alhamdulillah, mtoto hakuwa amekunywa.

Makosa hayo ni rahisi kuyafanya. Mimea yote miwili ina shina la pembe nne, majani yanayotazamana mawili mawili, na harufu kali. Tazameni alama hizi:

1. Shina: Kivumbasi hakina miiba. Lantana mara nyingi ina vimiiba vilivyopinda kama ndoana.

2. Maua: Ya kivumbasi ni madogo, meupe meupe, yamepangika kwa duara moja juu ya jingine kwenye kikonyo kirefu. Ya lantana hukusanyika kichwani kama mwavuli mdogo. Huchanua manjano, kisha mengi hugeuka rangi ya chungwa au jekundu.

3. Matunda: Kivumbasi huacha vijimbegu vikavu. Lantana huzaa vishada vya matunda laini, mabichi kijani, yakiiva meusi.

Rangi nyekundu peke yake isiwahadae. Salvia ya bustani, iliyotoka Amerika kama lantana, nayo ina maua mekundu. Lakini kila ua lake lina midomo miwili, nayo ni jamaa wa kivumbasi.

Lantana ina sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Macho huwa ya manjano na ngozi hubabuka juani. Wafugaji wasiikate kuwa malisho. Watoto nao wakatazwe kuchuma matunda yake, hasa mabichi.

Mtoto akila, msimtapishe wala msingoje dalili. Mpelekeni kituo cha afya, na mchukue tawi lenye majani na matunda ili mganga aone alichokula.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, na pia ametufunza kuwa anayetibu bila elimu hubeba dhamana ya madhara. Basi jani usilolijua kwa yakini, liache porini.