Kioo Kikiinama, Mwanga Hukosa Birika

Pale Tunduma, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, fundi mmoja wa kuchomelea alinionyesha jiko lake la jua. Ni ungo mkubwa wa setilaiti, ule wa zamani, aliobandika vipande vya kioo ndani. Wateja wameanza kuulizia bei, maana mkaa haushikiki. Tuliweka birika, tukangoja. Maji yalipata moto lakini hayakuchemka.

Je, jua ndilo halitoshi? Hata kidogo. Jua la kiangazi la Songwe linatosha kabisa. Tatizo ni namna vioo vilivyokaa.

Ukiinamisha kioo kwa nyuzi 1, mwali unaorudi huhama kwa nyuzi 2. Fundi wetu alipaka gundi hapa nene, pale nyembamba. Kipande kilichoinama nyuzi 3 hutupa mwanga nyuzi 6 kando. Kutoka kwenye ungo hadi birika ni kama mita 1, kwa hiyo mwanga huo hufika sentimita 10 nje ya shabaha. Na birika lenyewe lina upana wa sentimita 15 tu!

Wenye mitambo mikubwa hawabahatishi. Mtambo wa Noor I huko Ouarzazate, Moroko, wa megawati 160, ulianza kazi mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa wa Songwe ulipozaliwa. Vioo vyake vimepinda kama bomba lililopasuliwa katikati. Mitambo ya aina hiyo huchorwa kwanza ndani ya kompyuta. Miali maelfu kwa maelfu hufuatwa mmoja mmoja: umegonga wapi, umerudi wapi, umefika au umepotea. Hapo kosa hurekebishwa kabla kioo hakijanunuliwa. Lakini Frank Shuman hakuwa na kompyuta, na mwaka 1913 vioo vyake vilivuta maji ya mto Nile kule Maadi, Misri.

Basi fundi wetu naye anaweza. Afunike vipande vyote kwa kitambaa, aache kimoja. Aweke bati mahali pa birika, atazame doa la mwanga linaangukia wapi, akinyooshe kipande, kisha aende kingine. Ni kazi ya siku nzima, lakini mteja anayetoa fedha zake ana haki ya kuidai.

Mteja naye ajue kwamba jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Asipougeuza ungo, baada ya robo saa doa limehama kama sentimita 7. Tena kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yakitanda, hakuna kioo kitakachochemsha chai. Gunia la mkaa lisitupwe.

Na wakati wa kupima, fundi avae ile miwani yake ya kuchomelea. Mwanga ule huunguza macho.