Mutoto Mwenye Ngozi Zaifu: Tumupanguze na Nini?

Siku ya kupima kilo, wamama wengi wanafungua nguo za mutoto na kutuonyesha matako mekundu. Wanauliza: ni maziwa? Ni meno? Mara nyingi si maziwa wala meno. Ni mavi na mukojo vilivyokaa sana juu ya ngozi, na mara ingine ni kile kitu mama anatumia kwa kuvipanguza.

Ngozi ya mutoto ni nyembamba kupita yetu. Juu yake iko uchachu kidogo, hauonekani kwa macho, nao unazuia vijidudu. Mukojo ukichanganyika na mavi, uchachu ule unaondoka, na zile nguvu za tumboni zenye kuyeyusha chakula zinaanza kula ngozi yenyewe. Sabuni ya kufulia nayo ni kali: inaondoa uchachu na mafuta ya ngozi. Basi ngozi inakauka, inapasuka, na mulango umefunguka kwa vijidudu. Kuna watoto ambao ngozi yao ni zaifu zaidi, kama wale waliozaliwa mbele ya wakati, na wale ambao baba ao mama yao anasumbuliwa na pumu ao ukurutu.

Sasa tuseme juu ya lenjeti, ni kusema vile vitambaa vyembamba vyenye maji, vinauzwa ndani ya pakiti katika farmasi, na hata sokoni Kadutu kule Bukavu ao Virunga kule Goma. Si vyote vibaya. Lakini maji yakikaa miezi mingi ndani ya pakiti yataoza, kwa hiyo wenye kuvitengeneza wanatia dawa ya kuzuia kuoza. Wengi wanatia na marashi juu ya kumupendeza mama. Mutoto hana kazi na marashi! Harufu nzuri si usafi, na kwa ngozi zaifu marashi ni kitu cha kwanza cha kukimbia.

Mbele ya kulipa, geuza pakiti na usome nyuma. Kama hujui kusoma Kifaransa, omba mutoto wako wa masomo akusomee. Tafuta « sans parfum », maana yake haina marashi, na « sans alcool », haina alkoli. Kisha tazama mustari wa vitu vilivyotiwa ndani. Maji, yaani « aqua », yawe ya kwanza, na mustari uwe mufupi. Tena kuna neno moja refu: « methylisothiazolinone ». Ni zito kutamka. Usihangaike kulitamka, linganisha herufi tu. Ni dawa ya kuzuia kuoza ambayo iliwaletea watu wengi muwasho na vipele, hata inchi za Umoja wa Ulaya zimeikataza tangu 2017 katika vitu vyenye kubaki juu ya ngozi, kama lenjeti. Lakini pakiti za soko letu zinatoka inchi nyingi, na si zote zinafuata sheria ile. Ukiona neno lile, rudisha pakiti kwa mwenye duka.

Neno « hypoallergénique » ni zuri kusikia, lakini usinunue kwa ajili yake peke yake. Hata Marekani hakuna sheria yenye kupima neno hilo. Picha ya mutoto anayecheka nayo haionyeshi kitu.

Ukiisha kupata pakiti inayofaa, usianze kuitumia mahali pote siku ile ile. Panguza kidogo tu juu ya paja, ungoje mpaka kesho. Pakibaki pazuri, endelea. Pakiwa pekundu, acha. Na pakiti ikikauka, hapana kuongeza maji ndani. Dawa ya kuzuia kuoza itapunguka nguvu, na vijidudu vitazaliana mule.

Lakini, mama, usifikiri kwamba asiyekuwa na feza za lenjeti anamutunza mutoto vibaya. Nyumbani, maji safi yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na kitambaa laini cha pamba, vinatosha kabisa. Lenjeti ni ya safari, ya siku uko mbali na maji. Feza ya pakiti za kila juma, afazali inunue sambaza na maharagi ya nyumba.

Kata kikwembe kizee cha pamba, kile kimefuliwa mara nyingi mpaka kimekuwa laini. Kwa mukojo, maji peke yake yanatosha. Kwa mavi, ondoa kwanza yaliyo mengi na kitambaa kikavu, kisha lowanisha kingine na upanguze polepole bila kusugua. Mutoto mwanamuke apanguzwe toka mbele kwenda nyuma, mavi yasifike kwenye njia ya mukojo. Mukaushe kwa kumugusagusa tu, umuache kidogo bila nguo apate hewa. Nyuma yake unaweza kupaka vazelini kidogo isiyo na harufu.

Vitambaa hivi vifuliwe na sabuni, visuuzwe mara tatu ili sabuni isibaki, vianikwe juu ya kamba penye jua, si juu ya majani. Na vipigwe pasi ya moto. Wengine wanasema pasi ni mambo ya wenye kupenda kujionyesha, hapana. Kuna nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na funza wake anaingia ndani ya ngozi ya mutoto na kufanya jipu. Moto wa pasi unaua mayai yale.

Ngozi ikiwa tayari na kidonda, acha lenjeti zote, tumia maji tu. Usipake pomade za kungarisha ngozi zinazouzwa sokoni. Nyingi zina dawa kali zinazopunguza unene wa ngozi. Kama wekundu haupunguki kwa siku tatu, ao umeingia katika mikunjo ya mapaja na vipele vidogo vimeuzunguka, pengine ni ukungu wa ngozi, unataka dawa yake. Lakini ukiona usaha, malengelenge, homa, ao mutoto anakataa kunyonya, usingoje siku ya kilo: kuja siku ile ile, hata usiku, na ulete pakiti uliyotumia ili munganga aisome.