Karani wa Bara na Sulisuli wa Watamu

Jina la Spring Valley, mtaa ulio magharibi ya mji wa Nairobi, maana yake ni Bonde la Chemchemi. Lakini maji ya huko ni ya vijito, wala hayana mawimbi. Mtu aliyekulia kando ya Lower Kabete Road aweza kutimiza miaka 30 asione samaki mkubwa ila yule aliyelazwa juu ya barafu dukani. Ndivyo ilivyokuwa kwa karani mmoja wa mtaa huo. Alipopewa likizo yake mwezi wa Desemba, aliazimu kwenda Watamu kujifunza uvuvi wa mchezo katika bahari kuu. Akawaahidi wenzake ofisini kwamba atawaletea picha yake amesimama kando ya samaki aliyetundikwa kwa mkia.

Wakati aliuchagua vema. Upepo wa kusi uvumapo, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na mashua nyingi za mchezo huu hupumzika. Kaskazi iingiapo, wavuvi hutafuta sulisuli, nduaro na jodari. Wala mchezo huu si mpya katika pwani hiyo, kwani Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua huko Malindi mwaka 1934.

Alfajiri, mashua ilipokuwa ikitoka, nahodha mzee alimwuliza, "Umepata kupanda chombo, mwanangu?"

Karani aliona haya, akajibu, "Mara nyingi, Mzee."

Kwa jibu hilo hakuna aliyemkumbusha kumeza dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka. Baada ya saa moja, walipokuwa wakirambaza, na chambo kikiburutwa nyuma ya tezi, alikuwa amelala kifudifudi akitapika. Nahodha hakumcheka. Alimwinua, akamwambia akaze macho pale bahari inapokutana na mbingu, kisha akasema, "Bahari haitaki haya, mwanangu. Asiyejua na aseme hajui."

Mara mshipi ukalia. Sulisuli, apataye kilo 30 hivi, aliruka juu ya maji, pezi lake la mgongo limetanda kama tanga. Karani alianza kuvuta kwa nguvu zake zote. "Usivute akikimbia!" mabaharia walimpigia kelele. "Mwache aende!" Safari hii alitii. Samaki alipokimbia, alimpa mshipi. Aliporuka, aliinamisha ufito ili mshipi usikatike. Alipopumzika, aliinua ufito polepole, kisha akaukunja mshipi huku akiushusha. Baada ya nusu saa samaki alikuwa ubavuni mwa mashua, na mikono ya karani ilikuwa ikitetemeka.

"Sema, mwanangu," nahodha aliuliza. "Tumwue au tumwache?"

Karani aliikumbuka ahadi yake. Akauliza, "Ungekuwa wewe, Mzee, ungefanyaje?"

Nahodha akamjibu kwamba kitoweo cha siku hiyo kilikwisha patikana, kwa maana walikuwa na nguru. Na samaki aliye hai aweza kuzaa, na kumfurahisha mgeni mwingine. Basi karani akasema aachwe. Baharia aliyevaa glavu alimshika samaki kwa mdomo wake mrefu, akamtia alama yenye nambari na kumtoa ndoana. Mashua ikaenda taratibu ili maji yapite katika matamvua yake, mpaka alipopata nguvu akazama. Nambari za alama hizo hupelekwa kwa African Billfish Foundation, shirika lililoko Watamu, ili samaki huyo akivuliwa tena ijulikane amesafiri wapi na amekua kiasi gani.

Karani alirudi Spring Valley bila ya picha aliyoiahidi. Wenzake walipomwuliza, aliwaeleza habari yote, hata ya kutapika kwake. Naye anayetaka kumfuata na akumbuke kumeza dawa mapema, kuvaa kofia, na kumwambia nahodha kweli tangu mwanzo. Kwani kuuliza si ujinga.