Uwiano wa Walimu Hauonyeshi Ikama Yote

Shule za mkataba za Marekani zilianzia Minnesota, jimbo lililopitisha sheria yake mwaka 1991. Mwaka uliofuata ya kwanza ikafunguliwa St. Paul. Ni shule za umma, hazitozi ada, ila kwa kawaida bodi ya shule ndiyo inayoajiri na kupanga matumizi kwa masharti ya mkataba wake. Katika mwaka wa masomo wa 2021/22 zilikuwa 7,800 hivi, zenye wanafunzi takribani milioni 3.7, na nyingi ziko mijini. Fedha humfuata mwanafunzi, kwa hiyo shule hujinadi kwa wazazi, na tarakimu inayopendwa katika kujinadi ni uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi. Tarakimu hiyo inapotosha. Mzazi inampotosha kidogo. Bodi ya sekondari ya mjini inayoamua ni nani aajiriwe inaipotosha zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni: sekondari ya wanafunzi 400, kila mmoja akiwa na vipindi saba kwa siku, kila mwalimu akifundisha vipindi vitano, na darasa likiwa na watoto 25. Hesabu inadai walimu 22 na ushee, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 18, ingawa hakuna darasa lenye 18. Ongeza walimu wanne wa elimu maalumu, ambao kwa haki kabisa hukaa na watoto wachache wenye ulemavu, na uwiano unashuka hadi 15. Mwanafunzi wa kawaida bado yuko kwenye darasa la 25. Bodi ikitaka kulipunguza hadi 23, itahitaji walimu wengine wawili: mishahara miwili ya mwaka mzima kwa viti viwili vitupu katika kila darasa. Wakati huohuo, shule hiyo ikiwa na mshauri mmoja wa wanafunzi, yeye anabeba watoto 400. Chama cha washauri wa shule nchini humo kinapendekeza wasizidi 250. Huyu ndiye anayepanga masomo ya kila mtoto, anayehakikisha hakuna somo la lazima litakalomzuia kuhitimu, anayemsaidia kuomba chuo, na mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza kusikia kwamba nyumbani kuna shida. Utafiti wa Christine Mulhern uliofanywa Massachusetts umeonyesha kwamba mshauri bora huongeza uwezekano wa mwanafunzi kuhitimu na kuingia chuo, hasa yule wa familia yenye kipato kidogo.

Wanaotetea madarasa madogo wana ushahidi mzito, nao ni jaribio la Tennessee lililoanza mwaka 1985. Watoto waliopangwa kwa bahati nasibu katika madarasa ya 13 hadi 17 waliwashinda wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25. Nalikubali, lakini lilihusu chekechea hadi darasa la tatu, na pengo lilikuwa la watoto wengi, si wawili. Jaribio hilohilo lina tokeo linalonipa shida zaidi: darasa kubwa lililoongezewa msaidizi wa mwalimu halikupata faida ya maana. Je, si hoja dhidi ya wafanyakazi wa usaidizi? Ingekuwa hivyo kama Chicago isingetupa jibu. Huko, katika sekondari za umma za kawaida, wakufunzi, wengi wao vijana wasio na mafunzo rasmi ya ualimu, walipewa wanafunzi wawili wawili wa hisabati, kipindi kizima, kila siku ya shule, kwa mtindo uliokwisha kutumika katika shule ya mkataba ya Match ya Boston. Alama za hisabati zilipanda waziwazi. Kwa maoni yangu, tofauti haikuletwa na vyeti. Msaidizi wa Tennessee alikuwa wa darasa zima, na kazi yake ikayeyuka katika shughuli za kila saa. Mkufunzi wa Chicago alikuwa na watoto wake, anaowajua kwa majina, na saa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kumwondolea.

Kuna wanaosema kwamba shule ndogo ya mkataba haina mtandao wa wilaya wa kugawana nao muuguzi au mtaalamu wa saikolojia, hivyo kila senti iende darasani. Ugumu huo ni wa kweli. Watoto 30 wasipotokea kati ya 400 waliotarajiwa, fedha zao hazipo, huku madarasa yote bado yanahitaji mwalimu. Ndiyo maana mshauri hukatwa kwanza: akiondoka, hakuna kipindi kinachokosa mtu siku ya Jumatatu. Hasara yake huonekana miezi mingi baadaye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapogundua kuwa amepungukiwa somo moja. Kwa familia za wakimbizi wa Kongo waliopelekwa katika miji ya Marekani, hasara ya kupunguza wafanyakazi wa usaidizi huonekana mapema zaidi, mtoto anapokosa wa kumfundisha Kiingereza. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau, shule zinawajibika kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza aelewe masomo. Mzazi anayezungumza Kiswahili akipewa uwiano wa 1 kwa 15, aulize nani kati ya walimu waliohesabiwa humo anamfundisha mwanawe Kiingereza, ana watoto wangapi, na mwaka jana kazi hiyo ilikuwa ya nani.