Jifunze kutengeneza ukurasa wa wavuti (2): Kikatiti kwa alama za HTML

Sehemu ya kwanza iliishia mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipowasilisha kwa wakuu wake wa CERN, Uswisi, pendekezo lililozaa wavuti. Maelezo yake ya mwanzo, ya mwaka 1991, kuhusu HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yalikuwa na alama 18 tu. Leo zimepita mia moja, lakini anayeanza hahitaji hata kumi.

Wala hahitaji bando. Kompyuta yenye Notepad na kivinjari inatosha, kwa kuwa ukurasa husomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski. Mfano wa leo unahusu Kikatiti, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Mwanafunzi aandike hivi:

<html lang="sw">
<h1>Kikatiti</h1>
<p>Mji huu upo wilayani Arumeru.</p>
<ul>
<li>Usa River</li>
<li>Maji ya Chai</li>
</ul>
</html>

Kisha ahifadhi faili kwa jina kikatiti.html na kulifungua. Notepad ikiongeza .txt mwishoni mwa jina, kivinjari kitaonyesha alama zenyewe badala ya ukurasa. Dawa ni kulibadilisha jina.

Alama nyingi huja mbilimbili: ya kufungua, na ya kufunga yenye mkwaju. Ndani ya h1 hukaa kichwa cha habari, ndani ya p aya, na ndani ya ul orodha, hapa ya majirani wa Kikatiti, ambayo kila jina lake hubebwa na li. Wengi hudhani kazi ya h1 ni kukuza herufi. Ukubwa ni matokeo tu. Alama hiyo hueleza maneno yale ni nini. Ndiyo maana programu inayomsomea asiyeona inaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa bila kupitia kila mstari.

Vivyo hivyo kwa lang="sw", inayotangaza kuwa lugha ni Kiswahili. Ikikosekana, programu hiyo huenda ikayatamka maneno yetu kama ya Kiingereza.

Jirani mwingine wa Kikatiti ana mtego wake: King'ori. Ndani ya li jina hilo halina shida. Shida huanza kwenye picha, ambayo maelezo yake hufungwa kwa alama za kunukuu:

<img src="shule.jpg" alt='Shule ya King'ori'>

Kivinjari hukutana na ritifaa ya ng', kikadhani maelezo yameisha, na kubaki na "Shule ya King". Hakitoi onyo lolote, kwa hiyo kosa laweza kukaa miaka. Mwanafunzi akitumia alama mbili za kunukuu, alt="Shule ya King'ori", jina hubaki zima. Ng'ombe na ng'ambo huhitaji tahadhari ileile.

Sehemu ya tatu itahusu viungo: jinsi ukurasa wa Kikatiti utakavyompeleka msomaji kwenye ukurasa wa Usa River na kumrudisha.