Mashine ya Gololi na Kazi Ngumu ya Kuziangusha kwa Wakati

Mashine ya muziki ambayo Martin Molin wa bendi ya Wintergatan ya Sweden aliionyesha katika video mwezi Machi 2016 hutumia gololi za chuma zipatazo 2,000 badala ya vidole vya mpigaji, na ingawa watazamaji wengi huvutiwa na wingi wa magurudumu na mifereji ya mbao, jambo zito zaidi kitaalamu ni namna kila gololi inavyoachiwa kwa wakati wake.

Nguvu yote hutoka mkononi. Mpigaji anapozungusha mpini, gurudumu zito, lile linaloendelea kuzunguka hata mkono unapolegea, husawazisha mwendo, huku gololi zikipandishwa juu na kupanga foleni ndani ya mifereji. Wimbo wenyewe umehifadhiwa kwenye gurudumu la programu, ambalo limechomekwa vijiti vya plastiki vya Lego: mahali kijiti kilipo kwenye upana wa gurudumu huamua sauti gani ilie, na mahali kilipo kwenye mzunguko huamua ilie lini. Kijiti kikifika kwenye wenzo, kijilango hufunguka, na gololi moja huangukia vaibrafoni, ala ya vipande vya chuma vilivyopangwa mithili ya marimba, au huangukia nyuzi za gitaa la besi.

Fikra hiyo si ngeni, kwani katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walieleza ala ya kupulizwa iliyojipiga yenyewe kwa silinda yenye vijino.

Ugumu umo katika kudondoka. Kitu kinachoanguka sentimita 20 huchukua takriban sekunde 0.2, na kinachoanguka sentimita 5 huchukua nusu ya muda huo. Kwa hiyo vijilango viwili vya kimo tofauti vikifunguliwa pamoja, mapigo yake hupishana kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kasoro ambayo sikio lolote lililozoea ngoma huitambua mara moja. Zaidi ya hayo, gololi mbili zikipenya pale ilipotakiwa moja, noti hurudiwa. Zikikwama, noti hupotea. Katika "Pipe Dream", filamu ya Animusic ya mwaka 2001 iliyochorwa kwa kompyuta, mipira haikosei kamwe, na hilo lilipaswa kuwatia shaka wale waliosadiki uvumi kwamba ilikuwa mashine halisi.

Mashine ya Molin haikufaa kuzungushwa kwenye matamasha, ikapelekwa Museum Speelklok mjini Utrecht, Uholanzi. Ya pili, Marble Machine X, aliitengeneza kwa miaka kadhaa kisha akaachana nayo, akaanza ya tatu. Kama ala ya jukwaani, basi, ile ya kwanza haikutimiza lengo, lakini ni vigumu kupata kifaa kinachoonyesha waziwazi zaidi jinsi programu inavyofanya kazi.