Damu: zawadi au bidhaa?

Mwaka 1970 msomi mmoja wa Kiingereza, Richard Titmuss, alichapisha kitabu kilichouliza swali ambalo madaktari hawakuwa na mazoea ya kuliuliza, na wafanyabiashara hawakupenda kuulizwa. Damu ya binadamu ikiuzwa na kununuliwa kama pamba au kahawa, mgonjwa anayeongezewa damu hiyo hupatwa na nini? Na jamii inayoiuza nayo je?

Titmuss hakuwa daktari. Aliacha shule akiwa kijana mdogo na hakuwa na shahada yoyote, lakini tangu mwaka 1950 alikuwa profesa katika London School of Economics. Wasomaji wa Tanzania huenda wasifahamu kwamba aliongoza pia uchunguzi juu ya huduma za afya za Tanganyika, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 1964. Kitabu chake cha damu, The Gift Relationship, kingali kinabishaniwa na matabibu, wanasaikolojia na wachumi zaidi ya nusu karne baadaye.

Alizilinganisha nchi mbili. Nchini Uingereza, tangu Vita Vikuu vya Pili, hospitali zilitegemea watu waliotoa damu bure, wasijue itakwenda kwa nani. Nchini Marekani sehemu ya damu ilinunuliwa, na wauzaji wengi walikuwa maskini wa mijini, walevi, na hata wafungwa. Kutokana na hayo Titmuss alijenga hoja mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu: mwenye njaa ya fedha ana sababu ya kuficha maradhi yake, na damu yake itampeleka mgonjwa kaburini. Ya pili ni ya kimaadili: fedha ikiingia, wema hutoka.

Hoja ya kwanza ilisikilizwa upesi. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizitaka nchi wanachama zijenge huduma za damu juu ya msingi wa kujitolea bila malipo. Marekani yenyewe haikupiga marufuku ununuzi. Ilichofanya mwaka 1978 ni kuamuru kila chupa ya damu iandikwe wazi kama mtoaji alilipwa au alijitolea. Hospitali zikaanza kuikwepa damu ya kununuliwa, na biashara hiyo ikanywea kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Lakini plazma, yaani yale majimaji ya manjano yanayobeba chembe za damu, ilibaki nje ya amri hiyo. Hadi leo Mmarekani anaruhusiwa kuuza plazma yake mara mbili kwa wiki, na nchi hiyo ndiyo inayotoa karibu theluthi mbili ya plazma inayotengenezewa dawa duniani.

Waliolipa gharama

Katika miaka ya 1970 na ya 1980 wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi, walianza kutibiwa kwa dawa mpya iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya watu. Uingereza, iliyojivunia damu yake ya bure, iliagiza dawa hiyo kutoka Marekani, na baadhi ya plazma hiyo ilitoka magerezani. Mtu mmoja tu mwenye virusi alitosha kuchafua mchanganyiko mzima. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Brian Langstaff ilieleza katika ripoti yake ya Mei 2024 kwamba zaidi ya watu 30,000 nchini Uingereza waliambukizwa virusi vya Ukimwi au homa ya ini kwa njia ya damu na dawa zake, na wapatao 3,000 walikuwa wamekwisha kufariki.

Hapa mashabiki wa Titmuss hawana budi kusoma kwa makini. Sehemu kubwa ya watu hao walipata homa ya ini aina ya C kutokana na damu iliyotolewa bure na Waingereza wenzao. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989, na upimaji wa damu yote nchini humo ulianza Septemba 1991. Mtu mwema naye huumwa, na asiyejua kwamba anaumwa hana la kuficha.

Nchini China, katika jimbo la Henan, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika miaka ya 1990 wakulima maskini walihimizwa kuuza plazma. Damu za watu wengi zilichanganywa, plazma ikaondolewa, kisha chembe nyekundu zilizosalia zikarudishwa katika miili ya wauzaji ili waweze kuuza tena upesi. Vijiji vizima vikaingiwa na Ukimwi. Daktari Gao Yaojie, bibi aliyekwisha kustaafu, alilitangaza jambo hilo na akaandamwa na wakuu. Alifariki mjini New York Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 95, mbali na kwao. Wako wahariri wanaoelewa maana ya maneno hayo matatu ya mwisho.

Je, fedha hufukuza wema?

Hoja ya pili ilikuwa ngumu kuthibitisha. Mchumi mashuhuri wa Marekani, Kenneth Arrow, aliuliza mwaka 1972: kumruhusu jirani yangu auze damu kunanizuiaje mimi kutoa yangu bure?

Jibu moja lilitoka katika jambo lisilohusu damu kabisa. Mjini Haifa, nchini Israel, watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza shule 10 za chekechea ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Shule sita zilianza kuwatoza faini wachelewaji. Uchelewaji, badala ya kupungua, uliongezeka karibu maradufu, na faini ilipofutwa haukurudi ulipokuwa. Awali mzazi alimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Baada ya faini alijiona amenunua muda, na aliyenunua haombi radhi.

Jaribio la damu lilifanywa Gothenburg, Uswidi, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2008. Wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa wapimwe afya ili wawe watoaji damu. Kundi moja halikuahidiwa kitu, la pili liliahidiwa krona 50, la tatu lilipewa hiari ya kuzichukua krona hizo au kuzipeleka kwa shirika la hisani. Miongoni mwa wanawake, asilimia 52 wa kundi la kwanza walikubali. Katika kundi lililoahidiwa fedha waliokubali walikuwa asilimia 30 tu, na katika la tatu asilimia 53. Kwa wanaume hapakuonekana tofauti ya maana.

Ushahidi huo unavutia, ila hautoshi. Wanafunzi wale waliulizwa tu kama wako tayari. Hakuna aliyekuwa amechomwa sindano. Majaribio yaliyofanywa kwa watoaji halisi yameleta picha nyingine. Nchini Uswisi tiketi ya bahati nasibu iliongeza watoaji, ilhali kipimo cha bure cha lehemu hakikuongeza. Nchini Argentina hati ndogo ya kununulia bidhaa dukani haikubadili kitu, lakini hati za thamani kubwa zilivuta watu. Mwaka 2013 wachumi Nicola Lacetera, Mario Macis na Robert Slonim walionyesha katika jarida la Science kwamba karibu zawadi zote zilizojaribiwa hivyo ziliongeza damu. Maoni yangu ni kwamba Titmuss alikuwa sahihi juu ya noti, na akakosea alipodhani kila shukrani ni noti.

Kwetu mjadala huu una sura yake. WHO inasema kwamba katika nchi maskini karibu nusu ya damu inayoongezwa huwaendea watoto wa chini ya miaka mitano, na kwa Afrika Mashariki wengi wao ni wale waliopungukiwa damu kwa malaria. Kenya ilijenga huduma ya taifa ya damu baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 mjini Nairobi, wakati wananchi walipopanga foleni kujitolea. Foleni hizo zilionekana tena mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate. Siku za kawaida hazina foleni. Kenya na Uganda zimetegemea sana wanafunzi wa sekondari, na kila shule zinapofungwa benki za damu huanza kukauka. Mwaka 2020, zilipofungwa kwa miezi mingi kwa ajili ya Covid-19, uhaba ulikuwa mkubwa.

Pengo hilo hujazwa na ndugu wa mgonjwa, wanaoambiwa walete watu wa kurudishia damu iliyotumika. Asiye na ndugu mjini humtafuta kijana wa kumlipa, naye kijana hujiandikisha kama binamu. Kwenye daftari la hospitali ni zawadi. Kwa kweli ni biashara ileile aliyoihofia Titmuss, na hatari yake ni ileile, kwani binamu huyo wa kukodiwa ataulizwa juu ya afya yake, na ataijibu njaa yake.